Bogenvilia: kuiotesha, kuipanda na kuinyima maji kwa kipimo ili ichanue

Bogenvilia nyingi zinazokufa bustanini haziuawi na ukame. Zinauawa na maji ya kila siku. Zile zinazonusurika huishia kuwa kichaka cha majani na miiba bila rangi, kwa sababu zimetunzwa kama mawaridi. Mmea huu ukishika mizizi unaishi kwa mvua ya msimu tu sehemu nyingi za joto, unastahimili upepo wa chumvi wa baharini na unachanua vizuri zaidi ukipewa jua kali na kiu kidogo. Kazi ya mtunzaji ni kuivusha salama miezi ya mwanzo, kisha kujizuia.

Asili yake ni Amerika ya Kusini. Mtaalamu wa mimea Philibert Commerson aliikuta Rio de Janeiro mwaka 1767 alipokuwa kwenye msafara wa baharini wa Louis-Antoine de Bougainville, na jina likatoka kwa nahodha huyo. Huko kwao hukwea juu ya miti na vichaka kwa kujishikiza na miiba yake iliyopinda. Haina vikonyo vya kujizungushia kama zabibu wala mizizi ya kunata ukutani, hivyo ukitaka ipande juu ni lazima uifunge.

Kinachong'aa kwa rangi si ua lenyewe. Ni vijani vitatu vyembamba kama karatasi, na kila kijani kimebeba kimrija chembamba cheupe au cha rangi ya maziwa: hicho ndicho ua. Sasa chunguza tawi kwa karibu, pale jani linapoungana na shina. Kwenye kwapa hilo kuna chipukizi linaloweza kugeuka mwiba au kishada cha maua. Mwanga mwingi, siku fupi na ukavu wa kadiri hulisukuma kuwa maua. Kivuli, maji mengi na naitrojeni nyingi hulisukuma kuwa mwiba. Kwa hiyo tawi refu, laini, lenye miiba tupu linakueleza moja kwa moja kwamba mmea unabembelezwa kupita kiasi.

Kuchagua aina

Kwa chungu na nafasi ndogo chagua zile za kundi la glabra: majani yake ni laini yanayong'aa, miiba ni midogo, na zinachanua mara kadhaa kwa mwaka. Kwa uzio mkubwa au kufunika paa la kivuli, kundi la spectabilis lina nguvu zaidi, lakini majani yake yana vinyweleo, miiba ni mikubwa na maua huja hasa baada ya kipindi cha ukavu. Machotara yapo mengi. 'Barbara Karst' ni nyekundu na hukua kwa kasi, 'Mary Palmer' hutoa vijani vyeupe na vya waridi kwenye mti mmoja. Zile zenye vijani vilivyorundikana, kama 'Mahara', zinavutia kwa mbali, ila vijani vyake vikikauka haviporomoki vyenyewe. Vinabaki kwenye tawi vikiwa vya kahawia mpaka uvikate. Usiziweke mahali ambapo mkasi haufiki.

Nunua mche ukiwa na maua tayari. Rangi ya mche mchanga haiwezi kubashiriwa kwa kuangalia majani.

Kuotesha kwa vipandikizi

Njia hii ndiyo nyepesi, na wakati mzuri ni mwanzoni mwa msimu wa ukuaji, mmea unapoanza kutoa machipukizi mapya.

1. Kata tawi lililokomaa nusu au zaidi, lenye unene wa penseli, ambalo gome lake limeanza kubadilika kutoka kijani kwenda kahawia. Ncha laini za kijani huoza. Mbao nene za zamani huchelewa.

2. Gawanya vipande vya sentimita 15 hadi 20, kila kimoja kikiwa na vifundo vitatu hadi vitano. Chini kata mshazari, chini kidogo ya kifundo. Juu kata sawa, sentimita 1 juu ya kifundo. Mikato hii miwili tofauti inakusaidia usichomeke kipandikizi kichwa chini, kosa linalotokea kirahisi ukiwa na vipande hamsini mkononi.

3. Ondoa majani yote isipokuwa mawili ya juu, nayo uyakate nusu. Vunja miiba ya sehemu itakayozama udongoni.

4. Chovya mwisho wa chini kwenye unga wa homoni ya mizizi wenye IBA (kemikali inayochochea mizizi kuota) ya asilimia 0.3 hadi 0.8, kisha kung'uta uliozidi. Bila homoni baadhi vitaota, lakini bogenvilia ni mgumu kutoa mizizi na aina zenye vijani vilivyorundikana au majani ya mabaka ndizo ngumu kuliko zote. Otesha mara tatu ya idadi unayohitaji.

5. Chomeka thuluthi moja hadi nusu ya kipandikizi kwenye mchanganyiko wa mchanga mnene sehemu 2 na vumbi la nazi au mboji iliyoiva sehemu 1. Tumia mchanga wa mtoni, si wa pwani wenye chumvi. Tengeneza tundu kwanza kwa kijiti ili unga wa homoni usifutike.

6. Mwagilia mara moja hadi maji yatoke chini, funika kwa mfuko wa plastiki unaopitisha mwanga, weka kivulini penye mwanga wa kutosha na joto la nyuzi 21 hadi 27. Fungua mfuko dakika chache kila baada ya siku mbili tatu. Mwagilia tena pale tu mchanganyiko unapoanza kukauka juu.

Mizizi huchukua wiki 4 hadi 8, wakati mwingine 12. Hapa ndipo wengi huharibu kazi. Kipandikizi hutoa majani mapya kwa akiba iliyomo kwenye mti wake kabla hakijawa na mzizi hata mmoja, na mtu akiona majani hufurahi, huondoa mfuko na kukihamishia juani. Siku chache baadaye majani yananyauka yote. Wengine hukivuta kidogo "kuhakikisha", na vimizizi vilivyoanza hukatika. Dawa ni kuotesha kwenye vikombe vya plastiki angavu vilivyotobolewa chini matundu manne, na kila kikombe ukikivalisha karatasi nyeusi au kopo ili mizizi isipigwe na mwanga. Ukitaka kujua hali, toa kivazi hicho utazame. Nyuzi mbili tatu nyeupe bado. Subiri mpaka mizizi izunguke pande zote za kikombe na ianze kuwa na rangi ya krimu. Ndipo uondoe mfuko kidogokidogo kwa muda wa wiki moja, halafu uhamishie kwenye mfuko wa kitalu wa lita 2 hadi 3.

Kwa aina zinazokataa vipandikizi, laza tawi la chini mpaka ardhini, kwangua gome upande wa chini kwa urefu wa sentimita 2 hadi 3, paka homoni, fukia kina cha sentimita 8 hadi 10 na ubane kwa jiwe, ncha ya tawi ikiwa nje. Tawi linaendelea kulishwa na mama yake, hivyo halina haraka. Baada ya miezi mitatu hivi fukua taratibu uone. Likiwa na mizizi ya kutosha, likate upande wa mama na uliache hapohapo wiki mbili zaidi kabla ya kulihamisha.

Mahali na shimo

Jua la moja kwa moja saa 6 kwa siku ndicho kiwango cha chini cha kupata maua ya maana. Chini ya hapo mmea utaishi, utarefuka, utajaza miiba. Baridi ya kugandisha huua matawi na mara nyingine mmea mzima, kwa hiyo penye jalidi panda kwenye chungu unachoweza kukiingiza ndani.

Kabla ya kupanda, pima jinsi ardhi inavyonyonya maji. Chimba shimo la sentimita 45 kila upande na kina hichohicho, lijaze maji, acha yaishe, lijaze tena. Maji yakishuka angalau sentimita 2.5 kwa saa, panda. Yakiwa bado yamesimama kesho yake, usijidanganye kwamba mchanga uliotupa ndani ya shimo utasaidia. Shimo la mchanga ndani ya udongo wa mfinyanzi hugeuka bakuli la kuhifadhi maji. Badala yake inua tuta la sentimita 30, upana wa mita moja, upande juu yake.

Changanya udongo uliochimbwa na mboji iliyoiva, sehemu 4 kwa 1. Samadi mbichi usiiweke kabisa: inaunguza mizizi na kuleta majani tu. Udongo wenye tindikali kidogo, pH 5.5 hadi 6.5, ndio unaoifaa.

Kuhamisha mche kunahitaji mkono mwepesi kuliko hatua nyingine yoyote, maana mizizi ya bogenvilia ni myembamba na haishikilii udongo vizuri. Ukiuchomoa mche kwenye mfuko kwa kushika shina, udongo unabomoka na mizizi inabaki humohumo. Fanya hivi: mwagilia mche siku moja kabla ili udongo ushikane. Kata kitako cha mfuko kwa kisu, kisha ushushe mche shimoni ukiwa bado na mfuko ubavuni. Hakikisha uso wa udongo wa mche uko sawa na ardhi, jaza udongo hadi nusu ya shimo, chana mfuko kutoka juu hadi chini na uuvute nje taratibu. Malizia kujaza, shindilia kwa viganja si kwa miguu, mwagilia lita 10. Majani yakipukutika wiki ya kwanza usishtuke. Kwangua gome kidogo kwa ukucha. Chini yake pakiwa kijani, mmea uko hai.

Maji, na jinsi ya kuilazimisha ichanue

Wiki mbili za kwanza mpe lita 5 kila baada ya siku mbili au tatu. Kisha lita 10 mara moja kwa wiki kwa miezi mitatu hivi, halafu kila wiki mbili mpaka mwaka uishe, mvua ikinyesha ukiacha. Maji mengi kwa mara moja, kisha mapumziko, hufanya mizizi iende chini. Kikombe kimoja kila jioni huiweka juu juu, na mmea wa namna hiyo hautastahimili ukame hata ukifikisha miaka mitano.

Baada ya mwaka, mmea ulio ardhini umwagilie kwa kusoma majani yake. Yakilegea saa sita mchana si dalili ya kiu. Ni namna ya kujikinga na jua, na jioni utayakuta yamesimama. Yakiwa yamelegea asubuhi mapema, kabla jua halijapanda, hapo mwagilia.

Maua hutokea kwenye ncha za machipukizi mapya, kwa hiyo uchanuaji una mzunguko wake na unaweza kuuongoza. Rangi ikimalizika na vijani kuanza kuporomoka, kata ncha zote zilizochanua, thuluthi moja ya urefu wa tawi. Weka mbolea, mwagilia vya kutosha kwa wiki 5 hadi 7 ili mmea utoe matawi mapya. Matawi yakifika sentimita 30 hivi, bana ncha zake kwa vidole ili yagawanyike; ncha nyingi, maua mengi. Yakianza kukomaa, kata maji. Acha mpaka majani yalegee, mpe maji kidogo, robo ya kiasi cha kawaida, kisha acha tena. Rudia hivyo mpaka uone vidoto vya rangi kwenye makwapa ya majani ya juu. Kuanzia hapo rudisha maji kwa wastani. Ukiendelea kuinyima wakati huu vijani vitadondoka kabla havijafunguka, na ukiirudishia maji ya kila siku itaanza kutoa majani upya.

Kwenye chungu kipindi cha kiu ni kifupi sana, siku tatu hadi kumi kulingana na joto, na ukaguzi ni wa kila siku. Kulegea ni sawa. Majani kukunjamana na kukauka kingo ni kupitiliza.

Mbolea

Kichaka cha mita moja kilicho ardhini kinatosheka na gramu 50 za NPK 17-17-17 (mbolea yenye naitrojeni, fosforasi na potasiamu kwa kiwango sawa), zikitawanywa kwa duara umbali wa sentimita 30 kutoka kwenye shina na kufukiwa juu juu, kila baada ya miezi mitatu katika msimu wa ukuaji. Chungu cha sentimita 30: kijiko kimoja cha chai, gramu 5 hivi, kila mwezi wa ukuaji, juu ya udongo uliokwisha kuloweshwa. Urea, mbolea yenye naitrojeni nyingi, iweke mbali nayo. Hata nyasi za jirani zikiwekewa urea, bogenvilia iliyo pembeni huipata na kuacha kuchanua.

Dalili na sababu zake

Majani machanga yakiwa ya njano huku mishipa ikibaki kijani, mmea unakosa madini ya chuma. Mara nyingi chuma kimo udongoni lakini udongo una chokaa nyingi au umelowa mno, na mizizi haiwezi kukivuta. Punguza maji kwanza, kisha tumia mbolea ya chuma iliyo katika umbo la keleti, yaani chuma kilichofungwa ili mizizi iweze kukivuta. Unjano ukianzia kwenye majani ya zamani, katikati ya mishipa, ni magnesiamu: yeyusha gramu 15 za salfeti ya magnesiamu kwenye lita 5 za maji, umwagilie.

Majani yaliyolegea wakati udongo umelowa ni mizizi kuoza. Huu ndio mtego mbaya kuliko yote, kwa sababu dalili inafanana na kiu na mtu huongeza maji. Ingiza kidole au kijiti sentimita 8 kabla ya kushika ndoo. Kama ni matope, acha maji kabisa, punguza matawi kwa thuluthi ili mizizi iliyobaki iweze kuyahudumia, na kama ni chungu angalia tundu la chini halijaziba.

Kingo za majani kuliwa kwa mawimbi, hasa ncha changa, ni kazi ya viwavi wanaokula usiku na kujificha mchana kwa kujifananisha na vijiti. Usihangaike kuwatafuta saa sita. Nenda na tochi usiku, au pulizia dawa ya Bt (bakteria Bacillus thuringiensis wanaoua viwavi) jioni, kwa kuwa jua huiharibu. Sisimizi wakipanda na kushuka kwenye shina, fuata msururu wao: watakupeleka kwa vidukari kwenye ncha au wadudu weupe wenye unga kama pamba kwenye vifundo. Sabuni ya maji mililita 5 kwa lita moja ya maji, ipuliziwe chini ya majani kabla jua halijawa kali na kurudiwa baada ya siku tano, huwatosha wakiwahiwa.

Matumizi

*Uzio.* Panda umbali wa mita 1 kati ya mche na mche, au sentimita 75 ukitaka uzibe haraka. Simamisha nguzo na uvute waya tatu: sentimita 50, mita 1 na mita 1.5 kutoka chini. Matawi yafunge kwa vipande vya mpira wa tairi la baiskeli, kwa fundo la umbo la nane, yakilazwa mlalo. Tawi lililolazwa huchipua kila kifundo. Lililosimama huchipua kileleni tu na kuacha matundu chini, pale hasa unapotaka pazibwe. Uzio unaokatwa kila mwezi kwa mkasi mkubwa wa bustani hautachanua kamwe, kwa kuwa kila mkato unaondoa ncha za maua. Kata sana mara moja baada ya kuchanua, kisha uuache bila kuugusa angalau wiki nane. Machipukizi marefu yanayotoka chini ya shina kwa kasi, manyoofu na yenye maji, yaondoe yote. Yanakula nguvu na hayachanui karibuni.

Uweke uzio mita moja kutoka njia ya miguu.

*Kivuli.* Mmea uliokomaa ni mzito, na ukilowa mvua na kupigwa na upepo uzito unaongezeka. Nguzo za mbao ziwe na unene wa sentimita 10 angalau, zikizama sentimita 60 ardhini. Mche mmoja hutosha paa la mita 3 kwa 3. Usiupandishe juu ya mabomba ya mvua ya paa la nyumba wala pembeni ya bwawa la kuogelea: vijani vikavu ni vyepesi na huziba kila kichujio.

*Chungu.* Chagua cha udongo wa kufinyanga, chenye tundu, kipana kuliko mzizi kwa sentimita 5 tu. Mizizi iliyobanwa huchanua zaidi, na chungu kikubwa hukaa na maji ambayo mizizi haijayafikia. Mchanganyiko: udongo wa bustani sehemu 2, mchanga mnene 1, mboji 1. Badilisha chungu pale tu maji yanapopita mara moja bila kunyonywa, kila miaka miwili au mitatu, mwanzoni mwa msimu wa ukuaji.

*Mapambo ya ndani.* Vishada vikikatwa havidumu kwenye maji, lakini vijani hutunza rangi vikikaushwa. Kata asubuhi umande ukishakauka, chagua vilivyofunguka kabisa, viweke kati ya karatasi kavu chini ya vitabu kwa wiki moja hadi mbili, mbali na jua. Vinafaa kwa kadi na fremu.

Katika kazi zote hizi vaa glavu za ngozi na nguo ya mikono mirefu. Mchomo wa mwiba wake huwaletea baadhi ya watu vipele na uvimbe. Matawi yaliyokatwa yasiachwe njiani hata kwa saa moja, maana miiba ikikauka hupenya ndala na tairi za baiskeli. Yakate vipande vifupi papo hapo na uyafukie kwenye shimo ambalo halitachimbuliwa karibuni. Usiyatie kwenye mboji, kwa sababu majani yakishaoza miiba hubaki mikali kwa muda mrefu, na utaikuta kwa vidole siku utakapopandia.